Bibi Niliyempandisha Gari

Athumani na Lusia,

Mmeniuliza mara tatu ilikuwaje huko Handeni, na mara zote nimewajibu "salama tu" nikaendelea kupanga machungwa. Haikuwa salama. Mnanijua, nikitazamwa usoni maneno yananikwama. Kwa hiyo nimenunua daftari. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba na mkono wangu ni mzito, leo ni siku ya nne naandika. Lisomeni mkiwa wawili tu, kisha mnirudishie.

Hale, kabla ya kuondoka

Nianze na jambo ambalo Athumani unalijua nusu.

Tulikuwa darasa la sita, tunauza machungwa barabarani baada ya shule. Basi likamshusha bibi mmoja mrefu, ana fimbo, ana kifurushi kichwani, amejitanda shali ya rangi ya chungwa yenye mistari myeusi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana. Alitujia moja kwa moja, akajipiga kifuani mara mbili kwa kiganja, akasema, "Hawa wangu." Kisha akanyoosha kiganja usawa wa bega lake, akainamisha kichwa upande kama anayemtazama mtu aliyesimama pale chini ya mkono. "Hawa. Wa hapa."

Athumani, wewe ulisema, "Bibi, umepoteza mtoto? Wa kimo hicho ni Shabani huyu, mchukue!" Tukacheka wote. Na mimi nilicheka.

Lakini mimi nilijua. Maneno aliyokuwa akichanganya yalikuwa Kizigua cha mama yangu, kile ambacho Wazigua wa hapa wakikisikia wanasema kimeshika kutu. Na Hawa ni mama yangu. Mama alizaliwa Somalia, kwenye mto Juba, kwa Wazigua ambao mababu zao walipelekwa kule utumwani zamani wakabaki na lugha yao. Vita vilipoanza kule walikimbia, na wengine wakarudi mpaka Handeni walikotoka mababu, wakawekwa kambini. Ninyi sikuwaambia. Shuleni nilisema mama ni Mzigua wa Mazingara, kwa sababu niliona mtoto akiitwa mkimbizi mara moja, jina halimtoki mpaka anamaliza shule.

Kwa hiyo nilimjibu bibi yule, "Simjui. Hapa hakuna Hawa." Nilisema kwa adabu kabisa. Basi la kurudi lilipotokea nikalisimamisha mwenyewe, nikamshika mkono nikampandisha, nikamkabidhi kifurushi chake. Akanishukuru. Akafungua fundo akanipa mkate wa mahindi, ule wa kuokwa kwenye tanuri la udongo, ambao mama anauita mofa na ambao mlikuwa mkinicheka nao. Basi lilipopiga kona nikautupa mtaroni.

Jioni mama aliniuliza alivyozoea kuniuliza kila jioni nikitoka barabarani, "Hakuna aliyeniulizia leo?"

"Hakuna," nikasema.

Miaka mingi nilidhani ni swali la mazoea tu, kama mtu anavyouliza kama mvua imenyesha huko ulikotoka. Baba alipofariki mwaka jana ndipo nilipolielewa. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka siku ya tatu ya msiba, akasema kama anaongea na ukuta, "Sasa hata mama akiniita, sina wa kunipeleka." Nikamwuliza, "Akuite vipi?" Akanieleza kwamba alipoondoka kambini kumfuata baba, bibi alikasirika akamwambia, "Usirudi mpaka nije nikuite mwenyewe." Na mama hapindishi neno la mzazi. Alikuwa anangoja kuitwa tangu sijazaliwa.

Nikamwomba basi anisimulie yeye na baba walikutanaje, maana nyumbani tulikuwa tukiambiwa tu "wakati wa vita" na mlango unafungwa hapo. Akasema, "Nikisimulia mimi nitamsifu baba yako bure. Nenda kawaulize walioona. Na ukimkuta bibi yako, mwambie mguu wangu ndio mbovu, masikio bado mazima."

Niliwaaga nikisema nakwenda kutafuta habari za wazazi wangu. Ni kweli, ila ni nusu. Nusu nyingine nilitaka kumpigia bibi magoti kabla hajafa.

Hale hadi Korogwe

Niliondoka asubuhi na shati jeupe, lile la sikukuu ya Idi, na kikapu cha machungwa. Hapo Korogwe nilimtafuta Mzee Yohana, Msambaa mmoja aliyekuwa akipakia na kupakua magunia pamoja na baba kwenye malori ya mahindi ya kambi. Nilimkuta nyumbani kwake Manundu, amekaa barazani anatengeneza jembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini alipoinua macho yakapotea yote. Mkewe akatoka, akaniangalia shati, akaangalia kikapu, akarudi ndani. Nikasikia vyungu vinagongana. Baadaye likaja sinia la bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi, tena aliyelileta ni msichana aliyejifunika mpaka paji la uso na ambaye hakunitazama hata kidogo. Nikala. Nilimaliza lote kwa sababu sikujua la kufanya zaidi ya kula.

"Amekula vizuri," mama mwenye nyumba akamwambia mumewe.

"Nimeona," mzee akasema. Akaweka jembe chini. "Sasa kijana, mshenga wako yuko wapi?"

"Mshenga?"

"Hata kama siku hizi mmeacha mila, huwezi kuja kuposa peke yako kama unafuata mbolea."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema kwa mkupuo mmoja kwamba mimi ni mtoto wa Maganga wa Hale, baba amefariki, na nimekuja kuuliza alivyompata mama. Huko ndani msichana akaangua kicheko mpaka akapaliwa. Mzee Yohana naye akacheka, kisha akafuta macho, na sijui kama ni kwa kicheko au kwa habari ya baba.

"Maganga," akasema. "Nitakwambia ninachokijua, nacho ni kofia tu. Tulikuwa tukipeleka mahindi kambini mara mbili kwa mwezi. Baba yako alikuwa na kofia ya kapelo, ya bluu, anaipenda kuliko chakula. Safari moja tunarudi, kichwa kitupu. 'Kofia iko wapi?' Anacheka tu. Safari iliyofuata kaazima kofia ya dereva, nayo haikurudi, dereva akataka kumpiga. Safari ya tatu nikamkuta amevaa kofia mbili, moja juu ya nyingine. Nikamwambia, 'Mnyamwezi, umepata kichaa?' Akasema, 'Moja yangu, moja ya kunyang'anywa.'"

"Nani alikuwa akimnyang'anya?"

"Hilo kawaulize kule. Mimi nilikuwa chini ya gunia."

Nilipoaga, mkewe alinikatalia kuacha machungwa. Alisema nikiyaacha majirani watasema posa imepokelewa.

Korogwe hadi Misima

Gari la Handeni liliondoka Korogwe saa nane, na lilipofika Misima mkanda wa injini ukakatika. Konda alisema nusu saa. Tulikaa pale mpaka jua likapunguza makali. Fundi alifuatwa kwa pikipiki, akaja, akaangalia, akasema mkanda hana, akaenda kuufuata.

Tulishuka tukakaa kwenye kivuli cha kibanda cha mama mmoja anayechemsha mihogo. Pembeni yangu alikaa mwanamke wa makamo mwenye majogoo wawili kwenye tenga. Alinimegea muhogo na pilipili bila kuniuliza, kisha akaniuliza kabila.

"Mnyamwezi," nikasema. Si uongo, babu mzaa baba aliletwa kukata mkonge.

"Wee! Mnyamwezi!" Akawageukia wenzake. "Jamani, msimlaumu fundi, tatizo la gari tumelipata. Tumebeba Mnyamwezi!"

Wakacheka. Mzee mmoja akasema nishushwe nikasukume. Mnajua Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana na kukuchukulia kitu, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Baba alikuwa bingwa wa mambo hayo. Mimi sijawahi kuyaweza. Yule mama akavuta kikapu changu, akatoa machungwa sita, akagawa. Nilipaswa kumkamata jogoo wake mmoja nikimbie naye. Nilitabasamu tu nikaangalia viatu.

"Huyu mtani mbona amelala?" akasema. "Mama yako naye Mnyamwezi?"

Nikamjibu, "Ndiyo."

Sijui kwa nini. Hakuna aliyenijua pale. Nilikuwa safarini kumwomba bibi msamaha kwa kumkana mama, na njiani nikamkana tena, nikiwa na muhogo wa watu mdomoni.

Handeni hadi Kambini

Nililala Handeni mjini, na asubuhi nikatafuta bodaboda. Kijiji walichohamishiwa ndugu zake mama kina jina lake, na wengi wao walishapewa uraia zamani, lakini watu bado wanakiita Kambini. Dereva alinipa bei, kisha akaniuliza, "Unaenda kwa Wasomali kufanya nini?"

Hapo ningesema, "Si Wasomali, ni Wazigua, na ni wajomba zangu." Nikasema, "Kuna mtu namtafuta."

Njia ilikuwa ndefu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo ule mweusi ukikunasa haukuachi. Mara mbili tulishuka tukachokonoa matope kwenye gurudumu kwa kijiti. Tulisimamishwa na ng'ombe wa Wamasai waliojaa njia nzima, na mchungaji akawa hana haraka, akaomba chungwa, akalila taratibu pamoja na maganda huku ng'ombe wakipita mmojammoja. Kote huko nilikuwa nikikariri, "Bibi, mimi ndiye yule wa Hale." Nilikariri mpaka yakawa maneno matupu.

Tulipofika nikaona moshi, sufuria kubwa tatu juu ya mafiga, na watu wengi wamekaa chini ya turubai. Dereva akasema, "Umepata bahati, kuna shughuli, utakula." Akanishusha akaondoka.

Arobaini

Mwanamke mmoja mnene aliyefunga kibwebwe alinipokea. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza natoka wapi.

"Hale."

"Kabila?"

Kule huulizwa mapema, kwa sababu wanataka kujua wakuketishe wapi. Nikasema lile lile, "Mnyamwezi."

Mwanamke yule akapiga kigelegele. "Watani wamefika! Siku arobaini hatujapata hata mmoja, tunajisugulia sufuria wenyewe kama yatima!"

Kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimevuliwa shati la Idi, nimepakwa jivu usoni, nimekalishwa kwenye kigoda mbele ya sufuria lenye ukoko mnene kama kiatu. Msibani kazi chafu ni za mtani. Anaosha vyombo, anabeba maji, anawachekesha waliofiwa, na hakuna anayemhurumia. Wanawake watatu wakakaa kunizunguka wakinikagua.

"Anasugua kama anabembeleza mtoto."

"Mnyamwezi gani hana sauti? Labda wamemtuma wa majaribio."

Nikauliza polepole, "Aliyefariki ni nani?"

"Bibi Mwanaidi," akasema yule wa kibwebwe. "Mama yangu mimi, Zuhura. Mama yetu mimi na Hawa aliyepotelea huko."

Mkono wangu ulisimama ndani ya sufuria. Jina la bibi nilikuwa nalijua. Yule aliyekuwa akinipaka jivu alikuwa mama yangu mdogo.

Hapo ndipo pa kusema. Ningeinuka, ningenawa uso, wangeniketisha penye mkeka na wafiwa, maana mjukuu hasugui sufuria. Lakini nilihesabu kitakachofuata. Wataniuliza mama yuko wapi siku zote, na mimi nitajibu nini? Nikainama nikaendelea kusugua. Nikasema moyoni, nikimaliza hili. Nikalimaliza nikapewa la pili.

Bibi kizee mmoja kati ya wale watatu, waliyemwita Bibi Shamsa, alikuwa mcheshi kuliko wote. Nikajikaza nikamwuliza, nikitazama sufuria, kama ni kweli huyo Hawa aliolewa na Mnyamwezi.

"Aa, ndiyo unataka kujua mlivyotuibia?" akasema. "Sikiliza. Tulipofika hapa hatukuujua utani huu wenu. Wenyeji ndio waliotufundisha. Siku ya kugawiwa mahindi tumepanga foleni, mama mmoja wa Handeni akatuambia, 'Mnawaona wale wanaoshusha magunia? Yule mwenye kofia ni Mnyamwezi, mtani wenu.' Tukamwuliza, mtani ndiyo nini? Akasema, 'Ni mtu unayeweza kumnyang'anya kitu chake na asikasirike.' Tulishangaa! Sisi tumenyang'anywa ng'ombe, nyumba, mahindi, tumenyang'anywa watu, na kila aliyetunyang'anya alikuwa na bunduki. Na sisi tulikuwa na hasira mpaka usingizini. Hawa akasema, 'Mtu wa hivyo hayupo.' Akatoka kwenye foleni. Msichana ambaye tangu mtoni hakuwa amesema maneno kumi! Akamwendea yule kijana mwenye gunia mgongoni, mikono yote miwili imeshika gunia, akamvua kofia akaivaa."

"Na yeye?"

"Alicheka mpaka gunia likamdondoka. Mahindi yakamwagika, karani anafoka, na yule kijana amekaa chini anacheka. Hawa akamwangalia kwanza kama anayeangalia mtu mgonjwa. Kisha naye akacheka. Mwanaidi alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akanishika mkono akaniambia, 'Sikia, mwanangu anacheka.' Akalia. Halafu yule yule aliyelia ndiye aliyekataa ndoa! Alisema, 'Nimemtoa Juba kwa miguu, nimemfikisha nyumbani, mtu wa mkonge anamchukua kwa kofia?'"

Wanawake walicheka. Mimi nilicheka na jivu likaniingia machoni, nikashukuru, kwa sababu nilipata cha kusingizia.

Bibi Shamsa akashusha sauti. "Baadaye moyo ulimrudi. Alikwenda Hale kumwita, peke yake, na mikate. Alirudi na mikate ile ile. Akasema Hawa hayupo Hale, amehama. Akasema watoto wa kule wana adabu, mmoja alimshika mkono mpaka ndani ya gari. Tangu siku ile hakumtaja tena."

Aliposema wana adabu, nilitamani anipige kwa mwiko.

Baada ya dua na chakula, Mama Mdogo Zuhura alisimama akasema mtani hajamaliza kazi. Mnajua mila hiyo, mtani anavaa nguo za marehemu anamwigiza, anatembea kama yeye, anafoka kama yeye, wafiwa wanacheka kisha wanampa chochote. Nikasema siwezi, sikumjua marehemu. Wakasema, "Bibi ni bibi, kohoa tu uombe ugoro!" Nikavutwa katikati ya watu. Nikapewa fimbo. Nikafunikwa shali ya rangi ya chungwa yenye mistari myeusi.

Ilikuwa imepauka. Ilinuka moshi wa tanuri la mofa.

Watu wapata mia walikuwa wakinitazama usoni, na mnajua mimi nikitazamwa. Sikupata neno hata moja la kuchekesha. Nilichokuwa nacho kuhusu bibi ni dakika chache tu, zile za Hale. Nikainua kiganja nikajipiga kifuani mara mbili.

"Hawa wangu," nikasema.

Nikanyoosha kiganja usawa wa bega, nikainamisha kichwa upande. "Hawa. Wa hapa."

Mwanzoni walicheka, maana nilifanana. Bibi Shamsa alipiga makofi. Kisha kicheko kikakatika vipande vipande, wa mbele wakanyamaza, wa nyuma wakanyamaza, mpaka nikasikia kuni zinavyolia motoni.

Mama Mdogo Zuhura akaja akasimama mbele yangu. "Mtani, mama yangu umemwona wapi?"

"Hale. Barabarani." Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. "Mimi ndiye nilimwambia Hawa hayupo. Nikampandisha gari. Hawa yupo, hajahama. Ni mama yangu."

Athumani, watu waliangua kicheko. Walidhani nimepata utani mkubwa kuliko wote. Mzee mmoja akanirushia sarafu, mwingine akasema, "Mnyamwezi mwongo huyu, ameamka sasa!" Nikaapa, wakazidi kucheka. Nikalia, wakasema analia kama Mwanaidi kabisa. Nilitamani ukweli wangu uaminiwe, na nilikuwa nimewapa sababu zote za kutouamini.

Mama Mdogo peke yake hakucheka. Alichukua pindo la shali akanifuta jivu, paji la uso kwanza, kisha mashavu, kisha kidevu. Akaniangalia muda mrefu. Akawageukia watu akasema, "Nyamazeni. Huyu ni wa Hawa."

Sitaandika kelele zilizofuata. Wengine walinikumbatia, wengine walinitukana, na safari hii si kwa utani. Nilipiga magoti kwa Mama Mdogo nikamwomba anisamehe.

"Mimi siwezi kusamehe kwa niaba ya mama," akasema. "Wala kwa niaba ya dada. Sufuria la tatu hujalisugua."

Nilikwenda nikalisugua. Yule mzee wa sarafu alikuja akakaa karibu, akasema kwamba kazi niliyoifanya si batili, kwa sababu hata mjukuu na bibi yake ni watani. Alisema kwa wema. Lakini mjukuu angekuja kwa jina lake.

Kurudi

Nilikaa kule siku mbili. Nilipelekwa kaburini, nikasema pale yale niliyoyakariri kwenye pikipiki, "Bibi, mimi ndiye yule wa Hale," na hakukuwa na wa kuniitikia. Mama Mdogo alinipa shali. Alisema ni ya binti mkubwa, na siku ya kugawa nguo hakukuwa na wa kuipokea. Akanipa na mofa nne, akanihesabia mkononi, akasema, "Hizi zifike."

Njia ya kurudi haikuwa na kisa. Gari halikuharibika, nami nilitamani liharibike. Pale Segera, nikisubiri gari la Hale, abiria mmoja aliniuliza kwenye kifurushi kuna nini kinachonukia. Nikamwambia ni mikate ya kwetu, mama yangu ni Mzigua wa Somalia. Akasema, "Ahaa," akaendelea kutafuna miwa. Ilikuwa nyepesi hivyo tu. Sikufurahi. Niliona aibu zaidi, kwa wepesi wake.

Mama nilimkuta uani, ameketi kwenye mkeka na mguu wake ameunyoosha, anachambua mchele. Nikaweka mikate mbele yake. Akainusa kabla hajaigusa.

"Wameniita?" akauliza.

Nilikuwa nimepanga kuanza na habari za kofia, ili acheke kwanza. Nilianza nazo, na kweli alicheka, akasema karani yule alikuwa na tambi kichwani badala ya nywele. Kisha nikatoa shali. Alipoiona hakuhitaji kuuliza kama mama yake yuko hai. Aliichukua akaifunika magoti.

Nikamwambia yote. Siku ile ya machungwa, ninyi mlivyocheka na mimi nilivyocheka, basi, mkate wa mtaroni, na jioni ile aliponiuliza nikasema hakuna. Nilisema nikitazama mchele. Nilingoja anipige, au alie, au aniambie niondoke nisirudi mpaka niitwe.

Kuku wakaanza kuula mchele na hakuwafukuza. Kisha akasema, "Alikuwa na fimbo?"

"Ndiyo. Nyeusi, ina pingili tatu."

"Alikuwa amekonda?"

"Kidogo. Shavu la kushoto lilikuwa na kovu dogo."

"La mbuzi," mama akasema. "Alipigwa pembe na mbuzi." Akaniuliza alivaa nini miguuni, meno yake, sauti yake, kama alikuwa akikohoa. Nikamjibu yote. Sikuwa nimesahau hata kimoja, miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba kila kitu.

"Na aliniulizaje? Nionyeshe."

Nikasita. Akasema tena, "Nionyeshe, Shabani."

Nikasimama. Nikajipiga kifuani mara mbili, nikasema, "Hawa wangu." Nikanyoosha kiganja usawa wa bega.

Mimi ni mrefu, mnaniita mlingoti, na mama ni mfupi. Aliushika ukuta, akainuka kwa mguu ule mbovu, akakataa nisimsaidie. Akaja hatua nne akichechemea, na shali amejitanda, akasimama chini ya mkono wangu. Kiganja kiligusa nywele zake bila mimi kukipandisha wala kukishusha.

"Abee, mama," akaitika.